Kwa Nini Mafuta Hushika Chuma

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Makala haya yalianzia jikoni kwa bibi yangu, wala si katika maabara. Kwetu ni milimani, katika Wilaya ya Mbinga, mahali ambapo watu hulima kwa ngoro. Msomaji asiyejua ngoro na afahamu kwamba ni mashimo yenye pande nne yachimbwayo kwenye mteremko. Kwanza nyasi hufyekwa, zikalazwa kwa mistari inayokatana. Kisha hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Mvua inyeshapo maji hutuama shimoni, udongo haukimbii, na nyasi zikioza huwa mbolea. Kazi hiyo ni ya jembe la mkono, kwa hiyo kwetu jembe si kitu cha kutupwa ovyo.

Bibi yangu ana desturi yake. Kazi ya shamba ikiisha, huliosha jembe, hulikausha karibu na moto, hulipaka mafuta ya nguruwe ya siku nyingi ayawekayo katika kopo, kisha hulitundika. Mwaka juzi, katika likizo ya Juni, aliniagiza nifanye vivyo hivyo kwa jembe nililokuwa nikilitumia mimi. Nikaona ni kazi bure. Nikaliegemeza nyuma ya nyumba, nikarudi shuleni. Ukungu na manyunyu ya Julai vikafanya kazi yake. Niliporudi Desemba jembe lilikuwa jekundu, na nilipolikwangua kutu ilianguka kama magamba ya samaki. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika guu, ila viganja vilinitoka malengelenge, maana jembe lenye kutu hunata udongo na kumchosha mtu mara mbili.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza swali tu.

"Mjukuu wangu, huko shuleni mnafundishwa habari za kutu?"

"Ndiyo, Bibi," nikajibu upesi. "Kutu huletwa na maji na hewa vikutanapo na chuma. Mafuta huzuia maji."

"Vema. Sasa marehemu babu yako aliwahi kupaka jembe mafuta ya taa. Nayo ni mafuta, sivyo? Jembe likashika kutu kama lisilopakwa kitu. Haya ya nguruwe hata nikiyapangusa kwa kitambaa, utelezi wake haumaliziki. Kwa nini haya yanashika na yale hayashiki?"

Nikanyamaza. Somo hilo nilikuwa nimelipata vizuri katika mtihani, kumbe nilijua nusu tu ya jibu. Nikamwahidi kwamba nitakwenda kuuliza, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Nimeuliza walimu, nimesoma, na nimefanya majaribio. Makala haya ndiyo jibu langu, nami nimeyaandika kwa Kiswahili ili niweze kumsomea.

Kichwa na mkia

Kwanza yatupasa tujue mafuta ni nini. Vitu vingi vimeundwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo molekuli. Molekuli za mafuta ya taa ni minyororo ya kaboni na haidrojeni tu, toka mwisho mmoja hadi mwingine. Hazina mahali pa kushikia. Mafuta ya wanyama na ya mimea ni mengine. Hayo yamejengwa kwa asidi za mafuta, tatu tatu, zilizofungwa pamoja kwa gliserini. Yakikaa siku nyingi, hewa na unyevu huyavunja, asidi nyingine zikawa huru. Ndipo mafuta huanza kunuka uchachu.

Asidi ya mafuta ina umbo kama la kiluwiluwi. Ina kichwa kimoja chenye oksijeni, na mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni. Mathalani asidi iitwayo steariki, ambayo imo katika mafuta ya nguruwe na ya ng'ombe, huandikwa C17H35COOH. Sehemu ya COOH ndiyo kichwa. Hiyo iliyobaki ni mkia. Kichwa hupenda maji na hupenda chuma. Mkia hauvipendi, hupenda mikia wenzake. Tafadhali, msomaji, likumbuke jambo hili moja, maana mengine yote yanatoka humo.

Somo la ziwani

Kabla ya kwenda kwenye chuma, na tushuke kwanza ziwani, kwa sababu wataalamu nao walianzia majini.

Mjomba wangu ni mvuvi wa usipi huko Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Toka kwetu milimani hadi kwake ni kushuka sana, kwani uso wa Ziwa Nyasa uko yapata mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mjomba alinionyesha jambo ambalo kila mvuvi amekwisha kuliona: mafuta kidogo ya mashine yakidondoka ziwani, hutanda upesi mahali pakubwa, na viwimbi vidogo vya upepo hulala pale. Maji huwa laini kama kioo, na pembeni yake maji mengine yanaendelea kutetema.

Mmarekani Benjamin Franklin aliliandika jambo hilo mwaka 1774. Alimimina mafuta yapatayo kijiko cha chai katika bwawa la Clapham, London, nayo yakatanda yakalaza eneo la karibu nusu eka. Na tupige hesabu ambayo yeye hakuipiga. Tuseme kijiko kilikuwa na mililita 4, na nusu eka ni mita za mraba 2,000 hivi. Tukigawanya ujazo kwa eneo, twapata kwamba unene wa yale mafuta ulikuwa milimita 0.000002. Yaani ukichukua milimita moja ukaikata vipande 1,000,000, unene wa mafuta ni vipande 2 tu. Hiyo ni kama urefu wa molekuli moja ya mafuta! Basi bwawa zima lilikuwa limefunikwa kwa tandiko la molekuli moja moja.

Baada ya miaka zaidi ya mia, msichana mmoja wa Ujerumani aitwaye Agnes Pockels alilichunguza jambo hili kwa vyombo vya jikoni kwao. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa na bakuli refu la maji, kipande cha bati cha kusukumia utando wa mafuta, na subira. Mwaka 1891 alimwandikia barua mtaalamu mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, naye akasaidia ichapwe mwaka huo huo katika jarida la sayansi liitwalo Nature. Nimetaja habari zake kwa ajili ya wanafunzi wenzangu wanaosema kwamba bila maabara kubwa hakuna sayansi.

Kisha mwaka 1917 Mmarekani Irving Langmuir akaonyesha namna molekuli hizo zinavyokaa. Alichukua asidi zenye mikia mifupi na nyingine zenye mikia mirefu, akapima kila molekuli inachukua nafasi kiasi gani juu ya maji. Akaona kwamba nafasi ni ile ile, mkia uwe mfupi au mrefu. Tufikiri maana yake. Magogo yakilazwa chini, gogo refu huchukua nafasi kubwa kuliko fupi. Lakini yakisimamishwa wima, marefu kwa mafupi, kila gogo huchukua nafasi ya kitako chake tu. Basi molekuli za asidi husimama! Vichwa viko majini, mikia iko juu hewani, nazo zimesongamana bega kwa bega kama abiria waliojaa sitahani siku meli inapoondoka Mbamba Bay. Kwa kazi zake hizi juu ya nyuso za vitu, Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932.

Toka maji hadi chuma

Sasa turudi kwa jembe. Uso wa chuma, hata kiwe kimesuguliwa vipi, ukikaa hewani hupata utando mwembamba wa oksijeni iliyoshikamana na chuma. Asidi ya mafuta ifikapo hapo, kichwa chake hushikamana na uso huo. Si kugusana tu. Hutokea badiliko la kemia. Asidi hupoteza chembe ya haidrojeni, na mahali pake pakashikwa na chuma. Wanaosoma kemia watakumbuka kwamba asidi ya mafuta ikiungana na sodiamu huwa sabuni. Basi na hapa inakuwa namna ya sabuni, lakini ni sabuni ya chuma, nayo haiyeyuki katika maji. Ndiyo sababu umande hauiondoi.

Molekuli ya kwanza ikishika, ya pili huja kusimama ubavuni, na ya tatu, na ya nne. Hakuna anayezipanga. Vichwa vyashika chuma, mikia yashikana yenyewe kwa yenyewe, na mwishowe uso wote umejaa mikia iliyosimama kama majani ya paa la nyumba. Tone la maji likianguka hapo halikuti chuma. Hukuta mikia isiyopenda maji, likajikunja kama shanga na kubingirika.

Na mafuta ya taa je? Yana mikia isiyo na vichwa. Hayana cha kushikia chuma. Tena hukauka upesi hewani. Hata kabla hayajakauka, maji huweza kupenya chini yake na kuyasukuma kando, kwa sababu maji hukipenda chuma kuliko hayo yanavyokipenda. Hilo ndilo jibu la swali la Bibi, nusu ile niliyokuwa siijui. Kizuizi peke yake hakitoshi. Ni lazima kizuizi kiwe kimeshika.

Mafuta ya mashine nayo hutoka ardhini kama mafuta ya taa, na sehemu yake kubwa haina vichwa. Lakini viwandani huongezwa molekuli kidogo zenye vichwa, ili yashike vyuma vya injini na kuvilinda. Mwaka 1922, huko Uingereza, William Hardy na Ida Doubleday walionyesha kwamba tandiko hilo jembamba hupunguza pia msuguano wa chuma kwa chuma, na kwamba kadiri mikia ilivyo mirefu ndivyo msuguano unavyopungua. Utelezi ule ambao Bibi anausikia kidoleni hata baada ya kupangusa ni ushahidi wa jambo lile lile.

Majaribio ya misumari

Sikutaka kumwambia Bibi maneno ya vitabuni tu. Kwa ruhusa ya mwalimu, mimi na wenzangu watatu tulichukua misumari 12, tukaisugua kwa msasa, tukaiosha kwa sabuni, tukaisuza na kuikausha. Tukaigawa mafungu manne, kila fungu misumari 3.

Fungu la kwanza hatukulipaka kitu. La pili tulilipaka mafuta ya taa, tukalipangusa. La tatu tulilipaka mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa, tukalipangusa kwa kitambaa safi mpaka macho hayaoni mafuta tena. La nne tulilipaka mafuta ya nguruwe tukayaacha mazito. Misumari yote tukailaza juu ya kitambaa chenye maji, katika sinia, tukaifunika.

Kabla ya kuifunika tulidondosha tone la maji juu ya kila msumari. Juu ya fungu la kwanza tone lilitambaa na kulowanisha chuma. Juu ya fungu la tatu, ambalo kwa macho lilikuwa kavu kabisa, tone lilijikusanya kama shanga. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akibisha alinyamaza hapo hapo.

Siku ya pili fungu la kwanza lilikuwa na kutu. Siku ya tatu fungu la pili nalo likawa nayo. Fungu la tatu lilianza kuonyesha vidoa siku ya sita. Fungu la nne, mpaka siku ya 14 tulipomaliza, halikuwa na doa.

Twajifunza mambo mawili. La kwanza, tandiko la molekuli zilizoshika lina nguvu hata kama halionekani. La pili, tandiko hilo peke yake halitoshi kwa muda mrefu, kwa kuwa lina matundu madogo mahali ambapo molekuli hazikusongamana vizuri, na maji huyatafuta. Mafuta mazito ya juu huyaziba matundu hayo, na yenyewe hayateleziki upesi kwa sababu chini yake kuna mikia wenzake iliyoshika imara. Basi Bibi alikuwa sawa kupaka mengi, na ni vizuri kutoyapangusa.

Wale wasiotumia mafuta ya nguruwe wasidhani hawana njia. Mafuta ya ng'ombe yanafaa, na mawese pia, kwa kuwa nayo huwa na asidi zilizo huru.

Onyo juu ya shaba

Hapa nataka niwaonye wakulima wa kahawa. Asidi iliyo nyingi mno, katika mafuta yaliyochacha sana, haiishii kushika chuma tu. Huanza kukila, ikachukua chembe zake na kwenda nazo. Hasa shaba huliwa hivyo. Ukipaka mafuta yaliyochacha juu ya shaba, baada ya siku kadhaa utaona rangi ya kijani. Hiyo ni sabuni ya shaba. Baadhi ya mashine za mkono za kumenyea kahawa zina bati la shaba kwenye pipa lake. Pipa hilo lisipakwe mafuta yaliyochacha. Lioshwe kwa maji safi na kukaushwa vizuri, tena kahawa yenyewe hunasa harufu upesi, na mnunuzi huitambua. Mafuta ya Bibi ni ya jembe, si ya kila chuma.

Chuma kinachofanya kazi

Mpaka hapa molekuli zimekuja kwenye chuma zikakaa. Lakini kuna mahali ambapo huja, hubadilishwa, kisha huondoka, na chuma kikabaki kama kilivyokuwa. Chuma cha namna hiyo huitwa kichocheo.

Tuchukue mafuta ya alizeti. Kwa nini ni majimaji, na mafuta ya nguruwe huganda? Asidi nyingi za alizeti zina mikia iliyopinda, kwa sababu mahali fulani kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili badala ya mmoja. Mikia iliyonyooka hupangika kama kuni zilizonyooka. Iliyopinda haipangiki, nayo mafuta hayagandi. Mfano ni asidi oleiki, C17H33COOH. Ikiongezewa haidrojeni huwa steariki:

C17H33COOH + H2 = C17H35COOH

Lakini ukichanganya mafuta na haidrojeni tu, hakuna kinachotokea, hata ungoje mwaka. Mfaransa Paul Sabatier aligundua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba unga wa nikeli hufanya kazi hiyo iende upesi, naye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kugandisha mafuta kwa njia hiyo mwaka 1902. Viwandani mafuta huchemshwa pamoja na nikeli na haidrojeni kwa joto la kati ya nyuzi 150 na 200 hivi za Selsiasi.

Nikeli hufanyaje? Molekuli ya haidrojeni ina chembe mbili zilizokumbatiana sana. Ikitua juu ya nikeli, kila chembe hushikwa na nikeli, nazo zikaachana. Mkia wa mafuta nao huja, lakini haushiki kwa kichwa. Mahali palipo na mikono miwili ndipo hulala juu ya nikeli, na mkono mmoja ukafunguka. Chembe ya haidrojeni husogea na kujiunga upande mmoja, kisha nyingine upande wa pili. Sasa mkia umenyooka, hauna tena mkono wa kushikia nikeli, huondoka zake, na nafasi yake huchukuliwa na mwingine.

Kazi yote hufanyika usoni, ndiyo maana nikeli husagwa. Chukua mche mmoja wenye upande wa sentimita 1. Uso wake ni sentimita za mraba 6. Ukiukata kuwa michemraba midogo yenye upande wa milimita 1, utapata 1,000, na uso wote utakuwa sentimita za mraba 60. Chuma ni kile kile, lakini mahali pa kufanyia kazi pameongezeka mara 10.

Tena nikeli huweza kupewa sumu. Salfa kidogo ikiingia, huishika nikeli kwa nguvu na haiondoki, kama abiria aliyefika mwisho wa safari akakataa kushuka chomboni. Wengine hawapati nafasi na kazi husimama.

Kuna jambo jingine la kutufikirisha sote tunaokula. Mara nyingine chembe moja tu ya haidrojeni hujiunga, kisha kabla ya ile ya pili kufika, mkia huachana na nikeli. Mikono miwili hurudi, lakini mkia umegeuka, haukupinda kama zamani. Mafuta yenye mikia iliyogeuka namna hiyo huongeza hatari ya maradhi ya moyo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 kwamba mafuta hayo ya viwandani yaondolewe katika vyakula vya dunia nzima. Basi mama anunuapo mafuta ya mgando dukani, na asome karatasi iliyobandikwa koponi. Jambo dogo lililotokea juu ya uso wa nikeli huja kufika mezani petu.

Na hata shambani hufika. Naitrojeni ya hewa hugawanyika juu ya uso wa chuma cha kiwandani, ikaungana na haidrojeni kuwa amonia, na kwa amonia hutengenezwa urea tunayotia kwenye mahindi. Mjerumani Gerhard Ertl, aliyefafanua hatua kwa hatua namna hiyo itokeavyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Nani ameziona?

Mtu ataniuliza: "Molekuli hizo zinazosimama, nani ameziona?" Swali ni la haki. Mwaka 1981, karibu na mji wa Zürich huko Uswisi, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer walitengeneza chombo chenye sindano iliyochongoka mno, ambayo huenda karibu sana na uso wa chuma bila kuugusa. Umeme kidogo huruka toka sindano hadi chuma, na kwa kuupima umeme huo huku sindano ikitembea, mtu huchora milima na mabonde ya uso ule, chembe kwa chembe. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Mwaka 1983 Wamarekani Ralph Nuzzo na David Allara walikuwa wameonyesha kwamba molekuli ambazo kichwa chake ni salfa hujipanga zenyewe juu ya dhahabu. Baadaye chombo cha sindano kilitumiwa kuzitazama, na mistari yake ikaonekana, imepangika kama mahindi gunzini. Kwa kweli hazikusimama wima kabisa. Zimeinama kidogo, kama nyasi zilizopigwa na upepo wa ziwani.

Jibu kwa Bibi

Likizo iliyopita nilimsomea Bibi sehemu kubwa ya maneno haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo mafuta yangu yana vichwa, na ya babu yako yalikuwa mikia mitupu." Sijapata kusikia mtu akiufupisha mlango mzima wa kitabu kwa maneno machache hivyo.

Kisha akaniuliza swali jingine: "Mbona mafuta hayo hayo yakinishika mikononi, majivu na maji ya moto huyaondoa?" Safari hii sikuona haya. Nilimwambia kwamba jibu limo katika vichwa na mikia, na kwamba nitawaachia wasomaji walitafute.

Wanafunzi wenzangu, wazee wetu hawakusoma habari za molekuli, lakini wamezitazama kazi zake kwa miaka mingi. Nasi tulioletwa shuleni tumepewa majina na hesabu zake. Aliye na desturi bila sababu, siku chombo kinapobadilika huweza kukosea, kama kupaka shaba yale yaliyofaa chuma. Aliye na sababu bila desturi huacha jembe likaoza nyuma ya nyumba, kama nilivyofanya mimi. Jembe lile nimelisugua, nimelipaka, na sasa limetundikwa kando ya lile la Bibi.

Maswali ya kujipima

1. Weka maji safi katika beseni, nyunyiza unga wa chaki juu yake, kisha gusa katikati kwa ncha ya kijiti iliyochovywa katika mafuta ya kupikia. Eleza unachokiona. (Jaribio hili lifanywe katika beseni, mafuta yasimwagwe ziwani wala mtoni.)

2. Mafuta mililita 1 yametanda juu ya maji kwa unene wa milimita 0.000002. Yamefunika mita za mraba ngapi?

3. Kati ya asidi yenye mkia ulionyooka na yenye mkia uliopinda, ipi itafunika jembe vizuri zaidi? Toa sababu.

4. Mjibu Bibi: kwa nini majivu na maji ya moto huondoa mafuta mikononi?